Koti la Kilo Ishirini na Nne

Jumatatu, 13 Agosti 1956

Daktari amenisikiliza moyo kwa ile mipira yake ya masikioni. Amesema unafanya kazi kama karani wa Jumamosi mchana: upo, lakini haupo. Nina miaka sitini na tisa. Hakutaja mwezi wala siku, ila alimtazama mke wangu Thacienne kwa upole mwingi. Upole huo ndio ulionipa tarehe.

Padri Damascène naye alipita. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, enzi akiwa na meno mawili tu ya mbele. Sasa ananiambia nijiandae kuungama maisha yangu yote, na kwa kuwa nasahau, niandike kidogo kidogo kwenye daftari. Nimetii. Naandika kwa Kiswahili. Thacienne anasoma Kinyarwanda peke yake, na anasoma kila karatasi inayoingia nyumba hii.

Nilianza vizuri. Dhambi ya kwanza hadi ya kumi zilishuka bila taabu. Nyingi ni za forodhani, pale Grande Barrière, nilipokuwa karani miaka ishirini na miwili nikiandika majina ya wanaovuka kwenda Goma. Nilipofika ya kumi na moja, kalamu ikagoma.

Ya kumi na moja ni hii. Mwaka 1951 nilisafiri kwa ndege kwenda Usumbura. Gisenyi nzima inajua. Hapa mtaani kwetu, Mbugangari, wananiita Karani wa Mawinguni. Kwenye harusi nakaa mbele, hata kwenye harusi nisizoalikwa.

Tatizo ni moja tu. Sikupanda.

Nilikuwa natafuta namna nzuri ya kulieleza hilo, ndipo Épiphanie akaingia mbio. Ni mjukuu wetu, tumemlea tangu mama yake alipofariki. Amepata nafasi katika shule ya wakunga Usumbura. Anatakiwa kuripoti Jumatano ya tarehe 22, asubuhi. Asipofika, jina lake linakatwa na anaingia msichana anayemfuata kwenye orodha. Barabara haipitiki, daraja limeanguka na lori la chumvi juu yake. Tulikwisha kukata tamaa. Leo masista wa Nyundo wamempa tiketi ya ndege ya Jumanne ijayo. Ilikuwa ya sista mmoja aliyeteguka mguu.

Ua mzima ukapiga vigelegele. Kisha Épiphanie akapiga magoti mbele yangu, akashika mikono yangu yote miwili. Akasema, "Sogokuru, we ulishapanda. Unieleze yote nitakayokuta kule. Mi naogopa." Sogokuru ni babu kwa lugha yetu. Akilitamka yeye, siwezi kumnyima kitu.

Watu kumi na wanne wakakaa chini kunizunguka. Nikasafisha koo.

Jumanne, 14 Agosti

Somo la pili. Leo wamekuja ishirini na sita.

Nimewafundisha kwamba abiria hufika mapema, kwa kuwa ndege si lori, haipigi honi kumwita mtu aliyesahau kuku wake. Rubani hasalimiwi kwa mkono, mikono yake ina kazi. Kiti cha dirishani ni cha mwenye moyo mgumu. Mawingu yananuka kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Hapo wanawake waliguna kwa raha, nami nikaona hilo la pasi limekaa vizuri, nikalirudia.

Nikaongeza kwamba ukipita juu ya Nyiragongo, mlima wetu wa moto, usitazame ndani yake.

Faradji akainua kidole. Huyu ni fundi cherehani, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Mwaka 1938 alikwenda Kigoma kwa meli, akaliona treni. Kwa miaka kumi na mitatu Mbugangari iliisikiliza Kigoma yake. Tangu 1951 hakuna aliyeuliza tena. Hajanisamehe. Hata hivyo kila siku ananiletea chai ya tangawizi, kwa maelezo kwamba adui akiwa mgonjwa ushindi hauna ladha.

Akauliza, kwa adabu ya kuchoma, "Karani, Usumbura si iko upande wa kusini? Na mlima si uko kaskazini? Ndege ilienda kule kufanya nini?"

Nikamjibu kwamba ndege ikiondoka huzunguka kwanza kuuaga mlima. Ni heshima.

Watu wakamzomea Faradji. Mukamurenzi, mjane wa nyumba ya pili, akamwambia arudi Kigoma. Faradji naye alicheka, lakini niliona anaandika kitu kwa chaki kwenye kiganja. Fundi hasahau vipimo.

Alhamisi, 16 Agosti

Nimefanya jambo la busara. Nimekwenda uwanja wa ndege kujifunza.

Nilimwambia Thacienne nakwenda kunyoosha miguu. Ilichukua saa nzima na mapumziko matano. Uwanja wenyewe ni nyasi zilizofyekwa, banda la bati, mlingoti wenye mfuko wa kitambaa chekundu wa kuonyesha upepo, na kengele ya kufukuzia ng'ombe. Mlangoni mwa banda kuna mizani kubwa, ya kupimia magunia ya kahawa, iliyoazimwa kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa. Hiyo naikumbuka. Ilikuwepo hata siku yangu.

Msimamizi ni Harerimana, kijana mnene mwenye kofia ya kazi. Ameanza miaka miwili iliyopita, kwa hiyo hakuyaona yangu. Mpango ulikuwa rahisi: kumchimba taratibu bila yeye kujua anachimbwa.

Nikamuuliza siku hizi wanaanza na nini, abiria akishafika.

Akajibu, "Ni vile vile kama siku yako, Mzee. Hakuna kitu kilibadilika."

Nikamuuliza kama mambo ya ndani ya ndege bado ni yale yale.

Akasema ndani hajawahi kuingia, yeye kazi yake inaishia kwenye ngazi. Akavuta kiti, akanikalisha, akaniomba mimi nimweleze. Kila nilipotupa swali, lilinirudia na heshima juu yake. Kumbe ukishasifiwa kujua jambo, mlango wa kuliuliza umefungwa. Faradji, ambaye hakuna anayemdhania kuwa amepanda, angeuliza kwa uhuru wote.

Mambo yakaharibika zaidi. Walikuja watu wawili kuhakikishiwa tiketi zao, muuza samaki na shemeji yake, wote wamepauka kwa hofu. Harerimana akawaambia wana bahati, mwalimu yupo. Nikawahudumia. Nilipomaliza, muuza samaki alikuwa anatabasamu. Shemeji yake akauliza kuhusu choo. Nikamwambia mtu anayejiheshimu haulizi. Akatikisa kichwa kwa kuelewa.

Nimerudi nyumbani bila kujifunza lolote, na wanafunzi wawili zaidi.

Ijumaa, 17 Agosti

Impamba imeanza kufika.

Impamba ni chakula cha njiani. Kwetu msafiri haachwi aondoke mikono mitupu, kana kwamba hana kwao. Kila jirani huleta cha kwake, na cha jirani hakikataliwi. Ukikataa maharage ya mtu umemkataa mwenyewe, pamoja na shamba lake na mama yake. Safari yenyewe ni ya muda wa misa fupi, lakini hilo halimhusu mtu. Hadi saa sita tulikuwa na maharage makavu, unga wa mtama, viazi vitamu, samaki wakavu, karanga, na chupa mbili za asali. Mukamurenzi, ambaye ana kuku watatu tu duniani, aliyachemsha mayai yao yote.

Tiketi inasema mizigo kilo kumi na tano. Sanduku la Épiphanie lenye vitabu na sare linakaribia hapo lenyewe.

Thacienne alikaa chini kabisa, mikono kichwani. Alisema afadhali ardhi impasukie kuliko kumrudishia Mukamurenzi mayai.

Hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Na niseme ukweli katika daftari hili: ikiwaka, moyo hauniumi hata kidogo.

Nikawauliza: uwanjani kinachopimwa ni nini? Mizigo. Niliona kwa macho yangu, na hilo si uongo. Masanduku yanapanda mizani moja moja, yanaandikwa. Je, mtu anapimwa? Mtu si gunia la kahawa. Basi, kitakachovaliwa hakitapimwa.

Nikamwita Faradji. Nilimchorea koti refu lenye mifuko kwa ndani, kuanzia kwapani hadi magotini. Aliitazama karatasi hiyo kwa muda mrefu. Wivu wa fundi ulionekana usoni, maana wazo lilikuwa zuri na halikuwa lake. Akauliza kama nina hakika mtu hapimwi. Akauliza tena. Mara ya tatu nikamuuliza kama Kigoma walimpima. Akasema hapana. Nikamwambia basi.

Akachukua vipimo vya Épiphanie akisema yeye anashona tu, ya mawinguni hayajui.

Jumapili, 19 Agosti

Nimeungama. Nusu.

Padri Damascène alinipeleka Nyundo kwa gari la misheni, nikakaa kwenye kiti badala ya kupiga magoti. Nilisoma kutoka kwenye daftari. Za forodhani alizipokea kama mtu anayepokea barua alizozitarajia. Kisha nikasoma ya kumi na moja.

Akaniuliza kwa nini.

Nikamweleza. Mwaka 1951 ofisi ilinituma Usumbura na nyaraka. Kwa haraka yao wakanikatia tiketi ya ndege. Mbugangari yote ilinisindikiza, watu zaidi ya sitini, na ngoma. Mvua ikanyesha, nikawaambia warudi nyumbani wasilowe. Walipokwisha kuondoka, mizigo ikapimwa. Sanduku langu lilikuwa la tatu. Kisha nikaitwa pembeni. Mzungu mmoja alikuwa amekuja na mbwa wake, na mbwa huyo hakuzoea kulala sakafuni. Kiti changu akapewa mbwa.

Nilitoka kupitia nyuma ya banda. Nilikwenda Usumbura juu ya lori, siku tatu, nikirudia maneno ya kuwaambia. Niliporudi walikuwa wamenipikia. Walikuwa wamevaa nguo za Jumapili, siku ya Alhamisi. Wakaniuliza mawingu yakoje. Sasa ningesema nini? Ningewaambia watu sitini waliolowa kwa ajili yangu kwamba nilizidiwa na mbwa?

Padri Damascène alijifuta macho. Sijui kilikuwa kicheko au kitu kingine. Kisha akawa padri tena. Akasema msamaha wa hili una sharti. Épiphanie anaingia kwenye ndege kwa kutegemea neno langu, na mimi huenda nisiwepo atakaporudi. Kwa hiyo nimwambie ukweli kabla hajapanda. Kwa mdomo. Si kwa barua, si kwa mfano, si kwa methali. Ananijua.

Nikaahidi.

Niliporudi, ua ulikuwa umejaa. Koti limekwisha. La khaki, na bitana ya amerikani. Épiphanie alikuwa amelivaa, amesimama katikati mikono ikiwa imetanuka kama mtu aliyevalishwa pipa, na kila mwanamke anamwonyesha mfuko wake. Mukamurenzi alikuwa anapapasa mayai yake kifuani pa mjukuu wangu, anayaita abiria. Thacienne alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu daktari alipokuja.

Nitamwambia kesho.

Jumatatu, 20 Agosti

Sikumwambia.

Nilijaribu. Nilimwita chini ya ukuta, pale pa kuanikia nguo. Nikamwambia kuna jambo kuhusu ndege. Akakaa, akaniegemezea kichwa begani. Nikamwambia huenda mawingu hayanuki pasi kila siku. Akasema sawa, Sogokuru. Nikaona nimefika mbali kwa siku moja.

Alinieleza anachokiogopa. Si kuanguka. Anaogopa kufika kule, halafu jina lake liwe limekatwa, kisha arudi kwenye ua huu na kuwatazama watu waliompa mayai. Akasema mimi tu ndiye ninayeweza kumwelewa, kwa sababu nami nilisindikizwa.

Nikajibu kwamba koti linampendeza.

Jumanne, 21 Agosti

Naandika kitandani, kwa penseli, Thacienne akiwa nje. Niandike haraka.

Tulifika uwanjani saa mbili asubuhi, watu arobaini na kitu. Mimi nilisukumwa kwenye mkokoteni wa Faradji wa kubebea majora ya vitambaa. Épiphanie alitembea polepole, amenyooka kama askofu. Kila akipiga hatua, karanga zinalia.

Ndege ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuieleza. Watu wakanitazama. Nikasema hii ni mtoto wa ile yangu.

Mizigo ikapimwa. Sanduku la Épiphanie: kilo kumi na nne na nusu. Mbugangari ikapiga makofi. Wanawake wakanipa ishara ya heshima. Ilikuwa dakika nzuri sana, na nitaikumbuka hadi mwisho, yaani kwa muda mfupi.

Kisha Harerimana akafuta jukwaa la mizani kwa kitambaa, akafungua daftari jingine, akaita, "Bon. Sasa abiria, mumoja mumoja."

Muuza samaki akapanda mizani. Shemeji yake akapanda. Hata Mzungu mwenye kofia akapanda, akavua na viatu. Faradji alinigeukia taratibu. Fundi mzuri hajisifu mshono wa mwenzake ukifumuka.

Mwaka 1951 sikukaa hadi zamu ya watu. Niliondoka mizigo ilipokwisha kupimwa. Huo ndio ujinga wote, wala hauna siri nyingine.

Épiphanie akapanda. Chuma kikagonga. Harerimana akasogeza jiwe la mizani, akasogeza tena. Kilo themanini na tatu. Akamtazama msichana, akatazama tiketi. Sista aliyekata tiketi ile aliandikwa kilo sitini.

Rubani akaja. Alisema Gisenyi iko juu, hewa ni nyepesi, nyasi ni fupi, na ndege hii inahesabu kila kilo. Ama zipungue ishirini na tatu, ama abaki. Kulikuwa na mfanyabiashara wa ngozi amekaa kwenye begi lake, anasubiri nafasi hiyo hiyo. Alisimama, akajipangusa suruali.

Harerimana akasema, "Mutoto, toa koti. Basi."

Épiphanie hakutoa. Alinyanyua macho akawaona wote: Mukamurenzi, wenye maharage, wenye viazi, bibi yake. Kulivua pale, mbele yao, ni kuwarudishia wote kwa mara moja. Alishika vifungo kwa mikono yote miwili, akasema kwa sauti ndogo kwamba Sogokuru wake ameshasafiri hivi, Sogokuru ataeleza.

Rubani akatazama saa, akarudi kwenye ndege. Injini ikakohoa. Yule wa ngozi akapiga hatua mbili.

Nilikuwa na mipango mitatu kichwani. Kujifanya nimezimia. Kudai mizani ni mbovu. Kumwambia wa ngozi kwamba nyumba yake inaungua. Yote ilikuwa mizuri. Kisha nikaona jinsi Épiphanie anavyonitazama. Hakuwa na shaka hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza.

Nikasimama kwenye mkokoteni. Nikasema kwamba sijawahi kupanda ndege.

Kwa sababu ya injini hawakusikia. Ikabidi nipige kelele. Dhambi niliyoificha miaka mitano niliipaza mara tatu. Nikasema nilikwenda Usumbura kwa lori. Nikasema kiti changu alipewa mbwa. Muuza samaki akauliza, "Mubwa gani?" Nikamwambia mbwa wa manyoya mengi. Akasema ah.

Wanawake wakatazamana.

Nikaendelea, maana nikianza kusema huwa sijui kuacha. Nikawaambia chakula hiki walikitoa kwa neno la mwongo, kwa hiyo mtoto hajakikataa. Kimepewa mwongo, mwongo ndiye atakayekivaa, na aibu ya kukirudisha ni yangu. Nikanyoosha mikono ili nivalishwe.

Hakuna aliyesogea. Kisha Faradji akapanda kwenye jukwaa la mizani, akapiga goti moja, akaanza kufungua vifungo vya Épiphanie kuanzia chini. Alisema kwa sauti ya dukani, bila kumtazama mtu, "Koti ni kazi yangu, mi ndiye nafungua. Mwenye maneno aje dukani." Akalileta, akanivalisha. Kilo ishirini na nne. Uzito ukanikalisha. Mukamurenzi akaja, akachomoa yai moja kwenye mfuko wake, akalitia kwenye kiganja cha Épiphanie, akamuuliza Harerimana kama hilo nalo linaangusha ndege.

Kilo hamsini na tisa. Na yai. Harerimana akaandika hamsini na tisa.

Épiphanie alikuja hadi kwenye mkokoteni. Nilidhani atalia au atanigombeza. Akauliza, "Donc Sogokuru, hata mawingu hujui?"

Nikasema sijui.

Akafikiri. Akasema, "Bon. Nitakuandikia." Akanibusu kipaji cha uso, akakimbia kwenye ngazi, mwepesi. Alikaa dirishani.

Ndege ilikimbia kwenye nyasi, ikaruka, ikaelekea moja kwa moja kusini. Haikuuaga mlima.

Nilitaka kumwonyesha Faradji kwamba nimekiri na hilo la mlima pia. Ila kifua kilibana na mbingu ikawa nyembamba. Nakumbuka sauti yake ikiwaamuru watu wanivue koti, waangalie asali.

Ijumaa, 24 Agosti

Padri Damascène amenipaka mafuta ya wagonjwa. Juzi walidhani nimekwenda. Thacienne anasema kwa muda nilikuwa baridi, mdomo wazi, na mishumaa ikawashwa. Sikumbuki kitu. Ilikuwa kama kusinzia ofisini.

Msamaha nimeupata wote, hata wa dhambi ya kumi na moja. Padri alisema alisikia sharti limetimizwa hadi Nyundo, kwa jinsi nilivyopiga kelele.

Nilidhani watanisusia. Wanakuja kula. Impamba yote iko chini ya kitanda changu, na kila aliyeleta amerudi kusaidia kuimaliza. Vijana wakipita nje ya ua wanabweka. Thacienne alitoka na fimbo, lakini nimemsikia akicheka nyuma ya mlango.

Faradji anakaa hapa kuanzia asubuhi. Amenisimulia Kigoma yote, meli, treni, na mwanamke aliyemuuzia machungwa. Nimesikiliza bila kumkatiza. Ni hadithi nzuri. Nalishuku hilo la machungwa.

Jumatano, 29 Agosti

Barua ya Épiphanie imekuja na ndege ya jana. Aliripoti kwa wakati. Jina lake limeandikwa la saba. Yai alilila juu ya ziwa, na mawingu, anasema, hayanuki chochote. Ni meupe tu, na ndani yake ni baridi kama pishi. Amenichorea dirisha. Thacienne ameisoma mara nne, kisha akaniwekea chini ya mto. Nimelia kidogo. Nimeahidi mbele ya Mungu kwamba, siku zilizobaki, nitasema tu nilichokiona kwa macho yangu.

Saa tisa Mukamurenzi alikuja peke yake. Alifunga mlango. Alikaa mwisho wa kitanda akizungusha rozari, akaniuliza kuhusu viazi, kuhusu dawa, kuhusu mvua ambayo si majira yake. Mwishowe akasema. Ana miaka sabini na miwili. Siku hizi hapati raha. Anaogopa kufa, na padri ni mtoto, atajua nini? Ila mimi, Jumatano ile, nilikuwa baridi. Mishumaa ilikuwa inawaka. Nilifika.

Akanishika mkono.

"Karani," akasema, "kule iko je?"

Nilitaka kusema sijui. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikamtazama, mzee huyu mwenye kuku watatu.

Nikasafisha koo. Nikamwambia kwanza asije na haraka, pale mlangoni hakuna kusukumana. Kuna benchi. Wanaofika wamechoka hupewa maji ya uvuguvugu ya kunawa miguu. Anayepokea watu ni mnyamavu, lakini si mkali. Ukisahau jina lako anakukumbusha. Nikamwambia harufu yake ni kama jiko la mama yako asubuhi, kabla wengine hawajaamka. Hilo lilikaa vizuri sana. Nililirudia.

Alipoondoka, rozari ilikuwa imerudi mfukoni.

Kesho wanakuja wanne. Faradji ameita kutoka upande wa pili wa ukuta kuuliza kama na Waislamu wanaruhusiwa kusikiliza. Nimemwambia waje, mlango ni mpana, ila kila mtu aje na kiti chake.